Mume wangu asema ajali haina kinga, nami naogopa kupanda ndege na mtoto

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni muuguzi hapa Kakamega na mama wa watoto wawili. Nimepata kazi katika hospitali moja Uingereza na mwezi ujao natakiwa niwe nimeripoti. Mkubwa, mwenye miaka minane, atabaki kwanza na baba yake na kukhu (nyanya) wake. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu na bado ananyonya, kwa hivyo naenda naye. Tiketi zimekwisha kulipwa: Kisumu hadi Nairobi, kisha Doha, kisha London.

Tatizo ni kwamba sijawahi kupanda ndege maishani, na hofu imenishika hadi chakula hakipiti. Ilianza ile Novemba ya 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba. Nilitazama video za watu wakiivuta kwa kamba, nikazitazama tena na tena. Sasa kila nikishuka Kisumu naona jinsi uwanja wa ndege ulivyopakana na ziwa lilo hilo, na miguu inalegea. Nikakumbuka pia ile ya Machi 2019 iliyotoka Addis Ababa ikija Nairobi, na ile ndogo iliyotoka Kitale Juni 2018 ikagonga milima ya Aberdare. Usiku nikifumba macho sioni kingine.

Baba watoto nikimweleza hucheka. Husema, "Ajali haina kinga. Ikianguka imeanguka, hakuna anayebaki." Juzi alinikuta nikisoma jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, akaniambia najiitia mkosi. Mama mkwe ananihurumia, lakini ushauri wake ni niende Nairobi kwa basi la usiku ili angalau nipunguze ndege moja. Mwenzangu kazini ameniambia nimeze dawa ya usingizi, nitaamkia London. Mwingine anasisitiza nikae mkiani, eti huko ndiko watu hupona.

Shangazi, je, kuna mtu hupona kweli? Nikae wapi? Na huyu mtoto nimshike vipi? Nisaidie, maana nimeanza kufikiria kuiacha kazi yenyewe.

Muuguzi Mwenye Hofu, Kakamega

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Usiiache.

Nianze na mumeo, kwa sababu maneno yake ndiyo yamekukalia kifuani kuliko hata zile video. Ni kweli kwamba wewe abiria huwezi kuizuia ajali. Lakini kutokea kwa ajali ni jambo moja, na kufa ndani yake ni jambo jingine kabisa. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipozipitia ajali za ndege za abiria za nchi hiyo kuanzia 1983 hadi 2000, iliona kwamba zaidi ya watu 95 kati ya kila 100 waliokuwemo walitoka wakiwa hai. Nikilisoma jambo hilo huwa nawafikiria watu kama mumeo, wenye nia njema, wanaowaambia wake na watoto wao kwamba hakuna anayebaki. Wanaobaki ndio wengi.

Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege kubwa ya Japan Airlines ilikuwa inatua ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Katika ile ndogo watu watano kati ya sita walikufa. Ile kubwa iliteketea yote, lakini watu wake 379 walikuwa wamekwisha kutoka, mtoto na mkubwa. Februari 2025 huko Toronto ndege ilipinduka juu chini ikitua, na watu wote 80 wakatoka hai. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa magharibi, muulize mama mkwe kuhusu Busia, Januari 2003: ndege iliyowabeba mawaziri ilianguka ilipokuwa ikiruka. Waziri wa Leba Ahmed Khalif na marubani wawili walifariki. Wengine, akiwemo Raphael Tuju, waliumia lakini wakapona.

Sitakuficha upande wa pili. Ile ya Machi 2019 iliwaua wote 157, na ile ya Kitale iliwaua wote 10. Katika ajali kama hizo hakuna ambacho abiria angefanya, na ndiyo sababu nakuomba uziondoe katika hesabu zako za usiku. Huwezi kujiandaa nazo, na kuzitazama kwenye simu hakukupi chochote ila kukosa usingizi. Nguvu zako ziweke kwenye zile nyingine, ambamo dakika mbili za mwanzo huamua mengi.

Sasa tuje ziwani, maana hapo ndipo hofu yako ilipozaliwa. Ndege ya Bukoba ilikuwa na watu 43. Wafu walikuwa 19, na kila mmoja alikuwa mtu wa watu. Lakini 24 walitoka hai. Pua ilizama, mkia ukabaki juu ya maji, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, Tanzania nzima ikamjua kwa jina. Ulitazama kamba na maji, mwanangu. Hukuwatazama wale 24.

Kuna ajali nyingine ya majini ambayo kila msafiri wa ukanda huu anapaswa kuijua, kwa sababu ina funzo la kuokoa uhai. Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara. Mafuta yakaisha, rubani akaishusha baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, kule Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamevaa jaketi zao vizuri, ila wakazijaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua zikawabana darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Kwa hivyo shika hili hata kama utasahau mengine yote: jaketi huvaliwa ndani, hujazwa hewa mlangoni ukiwa unatoka. Kamba ya kulijaza hewa usiivute hata jirani yako akiivuta yake. Na ukishaketi tu, pitisha mkono chini ya kiti uhakikishe jaketi lipo. La mtoto ni tofauti na lako; mwulize mhudumu lilipo kabla ndege haijaondoka.

Mumeo aliyesema unajiitia mkosi kwa kusoma mambo haya amekosea, nami nasema hivyo kwa heshima yake. Wewe ni muuguzi. Ukiingia zamu wodini huanzi kuutafuta mtungi wa oksijeni mgonjwa akishabadilika rangi. Unajua ulipo tangu unapopokea zamu, na hakuna anayesema umewaombea wagonjwa wafe. Kwenye ndege fanya hivyo hivyo. Hofu uliyo nayo ina nguvu nyingi, ipe kazi ya kufanya.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Ukifika kwenye kiti chako, hesabu safu za viti kutoka hapo hadi mlango wa dharura ulio mbele yako, kisha hadi ule ulio nyuma. Zihesabu kwa kugusa migongo ya viti, kwa sababu siku ya moshi hutaona kitu. Agosti 1985 mjini Manchester ndege ilikuwa bado ardhini, ikijiandaa kupaa, injini ikapasuka na moto ukawaka. Rubani aliisimamisha salama. Hata hivyo watu 55 walikufa, na wengi wao waliuawa na moshi, si mgongano wala moto wenyewe. Ndege za abiria hupitishwa tu baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Huo ndio muda wako. Ukiona moshi, inama, funika pua na mdomo kwa kitambaa, ikiwezekana kiwe na maji, ufuate hesabu yako. Na mlango ulio karibu zaidi huenda uko nyuma yako, ilhali watu wengi hukimbilia kule walikoingilia.

Na mizigo! Hapa naomba unisikie kama mama yako anavyosema. Pasipoti, vyeti vya uuguzi, pesa, simu, vyote viache. Kule Haneda watu waliacha mabegi yao na hiyo ni sababu mojawapo ya wote 379 kuwa hai. Mtu anayenyanyua mkono kufungua kabati la mizigo anawafungia njia watu walio nyuma yake, na mmojawapo anaweza kuwa mama mwenye mtoto kifuani kama wewe. Vyeti hutolewa vingine. Ukitaka amani ya moyo, vitie vile muhimu kabisa kwenye kijaruba chembamba uvae shingoni chini ya nguo tangu nyumbani.

Mavazi pia yana maana. Nailoni na poliesta huyeyuka kwenye moto na kushika ngozi. Vaa pamba, suruali ndefu, na viatu vya kufunga visivyo na kisigino. Usivivue wakati wa kupaa wala wa kutua. Wataalamu huhimiza umakini zaidi katika dakika tatu za mwanzo baada ya kupaa na dakika nane za mwisho kabla ya kutua, kwa kuwa ajali nyingi hutokea hapo. Katikati unaweza kupumzika.

Basi utaona mwenyewe kwa nini dawa ya usingizi siitaki kabisa. Mwenzako alikuwa na nia njema, lakini mtu aliyelewa dawa hasikii amri ya mhudumu, hafungui mkanda, hambebi mtoto. Una mtoto mmoja mikononi na wewe ndiye mhudumu wake wa kwanza. Pombe vivyo hivyo.

Mkanda nao una jambo dogo ambalo watu hulidharau. Wa gari hufunguliwa kwa kubonyeza. Wa ndege hufunguliwa kwa kuinua kile kifuniko cha chuma. Katika taharuki mkono hurudia ulichozoea, na wachunguzi wa ajali wamekuta mara kwa mara kwamba watu walihangaika kutafuta pa kubonyeza. Ufunge na uufungue mara kadhaa kabla ya kuondoka, macho yakiwa yamefumbwa. Mkanda ukae chini kabisa kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Na uwe umefungwa hata taa ya mkanda ikizimwa: Mei 2024 ndege iliyotoka London kwenda Singapore ilikumbwa na mtikisiko wa ghafla angani, abiria mmoja akafariki na makumi wakaumia, wengi wao wakiwa hawakufunga.

Kuhusu mkia: hakuna kiti kinachookoa siku zote. Bukoba nyuma palisaidia. Kule Korea Kusini, Desemba 2024, wawili pekee waliopona kati ya 181 walikuwa wahudumu waliokaa mkiani. Lakini Juni 2025 kule Ahmedabad, India, mtu pekee aliyepona kati ya 242 waliokuwemo ndegeni alikuwa kiti 11A, kando ya mlango wa dharura, mbali na mkia. Mimi ningekwambia utafute ukaribu na mlango kuliko upande wa ndege. Mwenye mtoto haruhusiwi kuketi kwenye safu yenyewe ya mlango wa dharura, kwa hivyo omba safu mbili au tatu nyuma yake, upande wa njia ya katikati.

Sasa mtoto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo jambo lenye uzito kuliko yote uliyouliza. Mashirika huruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili asafiri mapajani, na wazazi wengi hufanya hivyo kwa sababu ya gharama. Ukweli ni kwamba ndege ikigonga kwa nguvu, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshikilia. Julai 1989 kule Sioux City, Marekani, ndege iliyopoteza uwezo wa kuongozwa ilitua kwa kuanguka. Watu 184 kati ya 296 walipona, jambo ambalo marubani wengi hawakulitarajia. Humo mlikuwa na watoto wadogo wasio na viti vyao, wakawekwa sakafuni kama utaratibu wa wakati huo ulivyotaka. Mmoja wao alikufa. Jan Brown, kiongozi wa wahudumu aliyewaambia wazazi wafanye hivyo, alitumia miaka mingi baadaye akipigania kila mtoto awe na kiti chake.

Kwa hivyo ikiwa pesa zinaruhusu, hata kwa ile safari ndefu tu, mnunulie kiti, uende na kiti cha mtoto cha gari kilichoidhinishwa kutumika ndegeni. Ikiwa haiwezekani, usijione mama mbaya. Omba mkanda wa mtoto, ule unaoshikizwa kwenye mkanda wako. Mashirika mengi wanao. Lakini usithubutu kuuzungusha mkanda wako mwenyewe ukawafunga pamoja: uzito wako wote utamponda yeye. Ukiamriwa kujiinamisha, miguu yako iwe bapa sakafuni, umfunike kwa kifua chako, mkono mmoja ukilinda kichwa chake. Barakoa za oksijeni zikishuka, vaa yako kwanza. Najua moyo wa mama utakataa. Juu kule, kwenye futi 35,000, fahamu hupotea ndani ya dakika moja au chini yake, na ukizimia hakuna wa kumvalisha yeye. Ukitoka kwa ile bomba ya kuteleza inayojaa hewa mlangoni, mkumbatie kifuani, ruka ukae, usisimame mlangoni kufikiri.

Ndege ikianza kushuka mnyonyeshe ukiwa umefunga mkanda. Kumeza humfungua masikio, naye hatalia.

Mama mkwe mshukuru kwa huruma yake, lakini lile basi la usiku likatae. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Njia hiyo hiyo ndiyo yenye Londiani, pale lori lilipowavamia watu sokoni na barabarani tarehe 30 Juni 2023, wakafa zaidi ya 50. Anakupunguzia ndege isiyofikisha hata saa moja na kukupa usiku mzima wa hatari kubwa zaidi. Tena hiyo safari fupi ya Kisumu hadi Nairobi itakusaidia: utajifunza sauti za ndege kabla ya ile ndefu. Sekunde chache baada ya kupaa utasikia kishindo chini ya miguu. Ni magurudumu yanaingia. Kisha injini zitapunguza mngurumo kana kwamba zinazimika. Rubani amezipunguza makusudi. Mabawa yatapepea kidogo, na yameundwa yapepee. Ukiingia mlangoni mwambie mhudumu, "Ni mara yangu ya kwanza na ninaogopa." Wamezoea, na watapita kukuangalia.

Powabenki yako ibaki nawe kwenye begi la mkononi, usiitie kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Betri hizo hushika moto, na ndani wahudumu wanaweza kuuzima mapema.

Ikiwa ukiacha video kwa wiki moja bado huli wala hulali, zungumza na mshauri wa kisaikolojia hapo hospitalini kwenu. Wewe huwapeleka wagonjwa kwake kila siku. Hofu ya namna hii hutibika, na hakuna aibu.

Na mumeo? Kicheko chake sikioni kuwa dharau. Mke wake na mtoto wake wanaondoka, naye hana la kufanya. Wanaume wengi hapo hucheka. Mpe la kufanya. Mwambie akushikilie mtoto huku ukijifunza kuvaa jaketi, au akalete mkanda wowote mfanye mazoezi mezani. Mpe barua hii aisome peke yake. Kisha kesho asubuhi, yeye mwenyewe, si wewe, alipigie simu shirika la ndege aulize mambo matatu: bei ya kiti cha mtoto kutoka Nairobi hadi London, aina ya kiti cha gari wanachokubali, na kama mkanda wa mtoto upo katika kila ndege kati ya zile tatu, pamoja na ile ndogo ya Kisumu. Aandike majibu na jina la aliyemjibu, akupe karatasi hiyo uende nayo uwanjani.

Shangazi